Banda la tumbaku, farasi wanne, ekari sita: nibomoe au nitengeneze?

«Daktari, shikamoo. Mimi na mke wangu tumetoka Kivu, na huu ni mwaka wa kumi tuko Lexington, Kentucky. Miaka minane kati ya hiyo nimefanya kazi kwenye shamba la farasi wa mbio. Mwaka huu tumenunua ekari sita nje ya mji, kaunti ya jirani. Shambani kuna banda la zamani la tumbaku, refu, jeusi. Bosi wangu yuko tayari kunipa farasi wawili waliostaafu mbio, dume aliyehasiwa na jike mmoja, nami nataka kuchukua wengine wawili wa watu kwa malipo ya mwezi. Wenzangu wananiambia nibomoe lile banda nijenge la kisasa la mabati, lililozibwa vizuri kwa ajili ya baridi, nyasi kavu zikae juu darini. Bei niliyotajiwa na fundi imeninyima usingizi. Mke wangu naye anauliza: kule hatuna mtu wetu hata mmoja, tutaishi na nani? Nianzie wapi?»

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa shamba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la banda, mara ya pili nikaona kwamba umebeba maswali matatu kwa pamoja: banda, baridi na upweke. Na liko la nne ambalo hukuuliza, nalo ndilo litakalokusumbua kuliko yote: farasi wanne kwenye ekari sita. Nitayapitia yote, ila si kwa mpangilio uliouandika wewe.

Naanza na baridi, kwa sababu hapo ndipo sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunapopotea kwa nia njema. Mimi nimekulia Kilimanjaro, kwenye ng'ombe wa kufungiwa. Nyasi zilikatwa zikaletwa kichwani, ng'ombe alikaa ndani usiku na mchana, na banda zuri lilikuwa lile lisilopitisha upepo wala mwizi. Jicho hilo nilikuja nalo Kentucky. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilinunua nailoni nzito nikaigongomelea kila penye uwazi, nikajisifu. Kufika Februari farasi wangu jike alikuwa anakohoa kila alipoinama kula. Nikamwita daktari mwenzangu wa mifugo, mzee wa huku. Aliingia, hakumgusa farasi. Aliinua macho kwenye mabati, akanionyesha matone ya maji yamejipanga kwenye misumari kama shanga, mengine yanadondokea matandiko. Akasema tu, «Ng'oa.»

Kilichotokea ni hiki. Farasi mmoja hutoa kwa pumzi yake zaidi ya lita saba za maji kwa siku, kama mvuke. Ukiwa na wanne, ni zaidi ya ndoo moja kubwa inayopeperuka hewani kila siku. Hewa hiyo ya joto hupanda juu, hukutana na bati la baridi, hugeuka maji na kurudi chini. Huko chini nako mkojo umelowesha maranda, na bakteria wanaigeuza urea iliyo kwenye mkojo kuwa amonia. Unaijua hiyo harufu inayochoma macho asubuhi. Sasa changanya unyevu, amonia, na vumbi na kuvu vinavyotoka kwenye nyasi kavu, kisha funga milango. Umetengeneza kiwanda cha ugonjwa wa mapafu. Farasi wa hivyo huanza na kikohozi cha hapa na pale, baadaye pua zinatanuka hata akiwa amesimama tu, mwishowe unaona mstari wa msuli umejichora ubavuni kwa sababu anatumia tumbo kusukuma pumzi nje. Ni pumu, na ikishakomaa huiondoi. Unaishi nayo tu.

Na baridi yenyewe? Farasi si mtu. Siku zinapoanza kufupika, mwili wake huota manyoya marefu hata kabla baridi haijafika. Tumboni ana jiko lake: nyasi anazokula huchachuka kwenye utumbo mkubwa, na uchachukaji huo hutoa joto usiku kucha. Farasi mzima, mkavu, mwenye manyoya ya baridi na nyasi za kutosha, hastuki mpaka hewa ishuke karibu nyuzi 8 chini ya sifuri za Selsiasi, ambazo huku wanazihesabu kama 18 za Fahrenheit. Kinachomwangusha ni mvua ikiungana na upepo. Manyoya yakilowa yanalala, na hapo hata nyuzi 5 juu ya sifuri zinaweza kumtetemesha. Kwa hiyo anahitaji paa, kizuizi cha upepo mahali anaposimama, na robota la ziada usiku wa barafu. Ukuta usiopitisha hewa hauhitaji.

Sasa turudi kwenye banda lako, kwa sababu sasa utaliona kwa jicho lingine. Mabanda ya tumbaku ya Kentucky yalijengwa kwa kazi moja: kukausha majani ya tumbaku kwa hewa. Ndiyo maana ni marefu, na ndiyo maana ubavuni utaona mbao za wima zenye bawaba, zinazofunguka kutoka juu hadi chini kama kurasa za kitabu. Wakulima walizifungua siku kavu na kuzifunga siku za ukungu. Serikali ilipofuta mwaka 2004 mfumo wa mgao wa tumbaku, yaani kiasi ambacho kila mkulima aliruhusiwa kuuza, na kuwalipa fidia waliokuwa na mgao, wakulima wengi waliacha zao hilo, na mabanda yakabaki yamesimama matupu. Mengi leo yana farasi ndani. Wenzako wanakushauri ubomoe jengo lililobuniwa kupitisha hewa ili ujenge lisilopitisha. Na ulipie!

Lakini sikwambii ulihifadhi bila kulikagua. Banda bovu ni bovu hata likiwa na hewa nzuri. Tatizo lake la kwanza liko chini. Nguzo zikikaa kwenye udongo miaka sitini, huoza pale pale udongo unapokutana na hewa, na kwa juu huwezi kujua. La pili ni sakafu. Udongo wa ndani umekanyagwa na kufagiwa mpaka umekuwa chini kuliko wa nje, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. La tatu ni mbao za ukutani, ambazo ni nyembamba. Farasi aliyetoka uwanja wa mbio akipiga teke moja, mguu unatoka nje na ngozi inabaki ndani. Kila chumba lazima kivikwe mbao za mwaloni za unene wa inchi mbili, kuanzia chini hadi kimo cha futi nne au tano. La nne ni miti ya juu iliyokuwa ikibeba fito za tumbaku. Ile ya chini kabisa inaweza kumgonga farasi kichwa akisimama kwa miguu ya nyuma, na kila mtu atakwambia uikate. Usikate hata mmoja kabla ya mhandisi wa majengo kuiona. Baadhi ni mizigo mitupu, mingine ndiyo inayoshika nguzo zisiachane. Nimeliona banda lililokatwa miti hiyo Jumamosi, na Jumatatu mlango haukufunga kwa sababu jengo zima lilikuwa limeinama.

Kuhusu vipimo, habari ni njema. Mara nyingi nguzo za mabanda haya zimepishana kama futi 12, na chumba cha farasi wa kimo cha wako ni futi 12 kwa 12. Pima mwenyewe. Ujia wa katikati nao usipungue futi 12, ili farasi wawili wapishane na trekta iingie. Mlango wa chumba uwe futi 4 kwa upana, na uwe wa kusukuma pembeni. Ule wa kufunguka kwa ndani usiuweke: siku farasi atakapolala na kushindwa kunyanyuka karibu na mlango, hutaweza kuingia. Kila chumba kiwe na dirisha lake la kutokea nje, na kati ya chumba na chumba acha sehemu ya juu iwe ya nondo au wavu. Hewa itapita, nao wataonana. Juu ya mgongo wa paa, uwazi uliopo usiuzibe. Kipimo changu cha kuangalia kama hewa inatosha hakina gharama. Asubuhi, kabla hujafungua mlango mkubwa, ingia chumbani, piga goti, uvute pumzi ukiwa kimo cha farasi aliyelala. Wewe ukisimama huisikii harufu ambayo yeye ameilalia usiku kucha.

Suala la nyasi kavu darini: hapana. Najua mashamba ya zamani yalifanya hivyo, na kuzidondosha chini ni raha. Lakini vumbi linashuka kwenye pua za farasi kila siku, na zaidi ya hapo kuna moto. Watu wengi hudhani moto wa nyasi huletwa na sigara. Nyasi zilizofungwa robota zikiwa hazijakauka sawasawa, unyevu ukipita asilimia 20 hivi, vijidudu vilivyomo huendelea kuzila na kutoa joto, na joto halina pa kutokea katikati ya rundo. Wiki mbili hadi sita baada ya kufungwa ndiyo kipindi cha hatari. Nunua kipimajoto kirefu cha kuchomeka. Kikisoma nyuzi 150 za Fahrenheit, yaani kama 65 zetu, angalia kila siku. Kikifika 175, yaani kama 80, ita zimamoto, na usianze kuhamisha marobota kabla hawajafika, kwa maana hewa itakayoingia ndiyo itakayowasha. Jenga kibanda kidogo cha pembeni, cha mabati, mbali na farasi. Hapo ndipo hamu yako ya mabati itakapopata kazi. Bandani weka akiba ya siku mbili tatu tu. Na nyaya zozote za umeme za zamani ulizozikuta, zing'olewe na fundi mwenye leseni kabla farasi wa kwanza hajaingia. Nyaya mpya zipite ndani ya mabomba, maana panya wa Kentucky wana meno kama wa kwetu.

Maranda ya kulalia yanahitaji onyo la peke yake, kwa sababu najua utatafuta ya bei nafuu kwenye viwanda vya mbao. Kentucky ina mti unaoitwa black walnut, mbao zake ni za rangi ya kahawa iliyokolea na mafundi wa samani wanazipenda. Maranda yake, hata yakichanganywa kidogo na mengine, humletea farasi laminaitisi, yaani uvimbe ndani ya kwato, ndani ya saa chache tu za kuyasimamia. Utamkuta asubuhi hataki kunyanyua mguu, kwato za moto. Kama mwuzaji hawezi kukuhakikishia ni mti gani, rudi nyumbani na gari tupu. Kata pia matawi ya mcheri pori (wild cherry) na mwepoli mwekundu (red maple) yanayoning'inia kwenye uzio; majani yake yakinyauka ni sumu. Wakubwa wa hapo kazini kwako watakusimulia mwaka 2001, majike walipoharibu mimba kwa maelfu katika eneo lenu, na uchunguzi ukaishia kwa viwavi waliozaliana kwenye hiyo micheri. Na ukija kumpandisha jike wako, kabla ya miezi mitatu ya mwisho ya mimba pimisha malisho yako. Huku kuna nyasi ya fescue yenye kuvu ndani yake, ambayo hukausha maziwa na kuchelewesha uzazi.

Tufike kwenye hesabu uliyoikwepa. Desturi ya huku ni ekari mbili za malisho kwa farasi mmoja. Toa nyumba, njia, banda na kibanda cha nyasi, zako sita zinabaki nne na kitu. Hao ni farasi wawili kwa raha, watatu kwa nidhamu. Wanne watakula nyasi mpaka mizizini, na kufika Machi utakuwa na tope la kufika magotini, kwato zikioza na viatu vikibaki ardhini. Tena farasi mmoja hutoa kama kilo 23 za kinyesi na mkojo kwa siku. Hata kabla ya kuongeza maranda, kwa mwaka unapita tani nane kwa kila kichwa. Unapeleka wapi? Chini ya ardhi yenu ni mawe ya chokaa. Ndiyo yanayoipa nyasi ya huko sifa yake, lakini ni mawe yenye matundu, na pale shambani ukiona pamedidimia kama bakuli, hapo maji huingia moja kwa moja kwenye mishipa ya chini na kutokea kisimani kwa jirani. Samadi isikaribie hapo hata kama shimo linaonekana limeumbwa kwa ajili hiyo. Rundika mahali pakavu palipoinuka, geuza, iache iive, kisha wape wenye bustani. Wakongo wa Lexington wanaolima lengalenga, yaani mchicha, wakisikia una samadi ya bure, utapata wageni kabla ya kutangaza.

Ushauri wangu: anza na hao wawili wa bosi wako. Wawili wanatosha kwa sababu farasi wa peke yake huchanganyikiwa, ni mnyama wa kundi. Pesa ambayo ungeiweka kwenye banda jipya iweke ardhini. Kwanza gata kwenye paa, maji yapelekwe mbali. Kisha mbele ya mlango na kuzunguka birika la maji, ondoa udongo laini, tandika kile kitambaa kigumu kinachowekwa chini ya barabara, mwaga kokoto kubwa, halafu changarawe ndogo zenye vumbi juu yake, shindilia. Kitambaa ndicho siri. Bila hicho, kokoto zako zinamezwa na tope majira mawili tu. Fanya hapo uwanja mdogo wa kuwafungia siku za mvua ili malisho yapumzike. Farasi wa tatu, wa kulipiwa, aje mwaka wa pili ukiona nyasi zimevumilia.

Na huyo wa kulipiwa asishuke kwenye trela kabla hujazungumza na wakala wa bima. Bima ya kawaida ya nyumba kwa kawaida haigusi mnyama wa mtu mwingine aliyeko mikononi mwako, na farasi mmoja wa Kentucky anaweza kuwa na thamani kuliko gari lako na langu tukiunganisha. Mwandikiane mkataba. Bandika pia kile kibao cha tahadhari ambacho sheria ya jimbo inakitaja kwa wenye shughuli za mifugo. Umewahi kukiona pale kazini, kwenye mlango wa banda.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Nguzo na paa, mhandisi aje kwa miguu yake. Kibali, nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukiwa na ramani ya shamba kabla ya kununua chochote. Mabanda ya kilimo mara nyingi yana msamaha kwenye kanuni za ujenzi, lakini msamaha huo una masharti, na kufuga farasi wa watu kwa malipo kunaweza kuyabadilisha. Kabla ya kuchimba hata shimo moja la nguzo ya uzio, piga 811, watakuja kuweka alama za mabomba na nyaya bila malipo. Na kila kaunti ya Kentucky, zote 120, ina ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Nenda na udongo wako kwenye mfuko wa plastiki, wakupimie. Hao mabwana shamba wanalipwa kukujibu, usiwaonee aibu. Daktari wa farasi mtafute sasa, kabla hujamhitaji saa nane za usiku.

Sasa mama. Mwambie swali lake ni la maana kuliko la banda. Nimeona watu wenye mabanda mazuri wakiyauza kwa upweke. Lakini vijijini kwa watu wa farasi hakuna ukimya anaoufikiria. Farasi hutoroka, na anapotoroka jirani humleta akimshika kwa mkanda wa suruali, na hivyo ndivyo nilivyofahamiana na nusu ya barabara yetu. Usingoje atoroke. Wiki ya kwanza pita kwa majirani wanaopakana nanyi, waachie namba ya simu, waulize uzio wa kati ni wa nani kuutengeneza. Msimu wa kukata nyasi, mwezi wa tano na wa sita, mvua ikitishia na marobota yako uwandani, nenda ukasaidie kupakia bila kuitwa. Kwa mikono ya miaka minane shambani utafahamika siku hiyo hiyo. Usiwalishe farasi wa jirani juu ya uzio, ni kosa kubwa huku, na ukimpita mtu aliyepanda farasi barabarani punguza mwendo mpaka kama mtu anayetembea. Kama mna watoto, wapelekeni kwenye 4-H, kikundi cha watoto na vijana, kupitia ile ile ofisi ya ugani; kuna watoto wenye farasi na wasio nao. Na asubuhi moja ya Aprili nendeni Keeneland, uwanja wa mbio za farasi wa Lexington, mapema, jua likiwa bado jekundu, mkasimame kwenye uzio kuwaangalia farasi wanavyofanyishwa mazoezi. Wewe umeona hayo kwa miaka kama kazi. Yeye ayaone kama matembezi, na wewe siku hiyo usishike fagio.

Wa Lexington nao hawako mbali. Sisi Jumapili moja kwa mwezi tunawaita watu, wanakuja na masufuria. Mtu akishakalia robota na kula ugali huku farasi anamnusa bega, hurudi.

Kazi ya wikiendi hii: chukua bisibisi ndefu, fukua udongo kiasi cha shubiri moja chini ya kila nguzo ya lile banda, uichomeke kwa nguvu. Ikigonga pagumu, weka alama ya chaki nyeupe. Ikizama zaidi ya inchi moja, weka nyekundu. Nihesabie nyekundu, uniandikie. Zikiwa tatu au nne, nguzo zinaweza kukatwa na kuwekewa miguu mipya juu ya zege. Zikiwa zaidi ya nusu, hapo ndipo tutazungumza habari za kubomoa.